Gitaa la kwanza: kabla ya kuvuka mpaka kulinunua, piga hesabu hizi

Mtu anayetaka kujifunza gitaa katika Afrika Mashariki leo hana shida ya kuliona dukani. Magitaa yananing'inia Kariakoo jijini Dar es Salaam, katika mitaa ya katikati ya Nairobi na Kampala, na hata katika maduka ya redio na spika ya miji midogo ya mpakani. Shida yake ni kujua lipi kati ya hayo litamfundisha, na lipi litamkatisha tamaa kabla ya mwezi kwisha.

Karibu magitaa yote mapya yanayouzwa kwa wanaoanza katika ukanda huu hutoka Asia, hasa China na Indonesia. Ndani ya bei ya dukani kuna nauli ya meli, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani (VAT), usafiri kutoka bandarini na faida ya mwagizaji na ya muuza duka. Ndiyo maana gitaa la aina moja huwa na bei tofauti Arusha na Nairobi, au Bukoba na Kampala, na ndiyo maana wanunuzi wengi hushawishika kumtuma dereva wa basi au ndugu aliyeko nchi jirani.

Wakati mwingine safari hiyo hulipa. Mara nyingi hailipi, kwa sababu mnunuzi amelinganisha bei peke yake na kusahau mambo mengine mawili: ubora wa gitaa lenyewe na gharama za kulifikisha nyumbani.

Kutoka "galatoni" hadi Indonesia

Biashara ya gitaa kuvuka mipaka ya Afrika si mpya. Wazee wa muziki nchini Tanzania na Kenya bado wanaliita gitaa lisilotumia umeme "galatoni". Jina hilo lilitokana na Gallotone, chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo magitaa yake ya bei nafuu yaliuzwa sehemu nyingi za bara. Chapa hiyo hiyo ndiyo iliyotoa sahani za santuri za Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Wimbo wake "Masanga" ulivuka mipaka na kuwafanya vijana wengi wa ukanda huu kutamani kulipiga gitaa kwa vidole.

Galatoni zilifika hata Ulaya. Mwaka 1957, John Lennon wa Liverpool, ambaye baadaye aliunda kundi la The Beatles, alikuwa anapiga gitaa aina ya Gallotone Champion lililotengenezwa Afrika Kusini na kununuliwa kwa njia ya posta.

Siku hizi njia ya biashara imegeuka. Kampuni za Japani, Marekani na Korea Kusini hutengeneza magitaa yao ya bei ya chini katika viwanda vya China na Indonesia. Nchini China, wilaya ya Zheng'an katika mkoa wa Guizhou imekuwa makao makubwa ya viwanda hivyo, na hutoa mamilioni ya magitaa kwa mwaka chini ya majina mengi tofauti. Hivyo magitaa mawili yenye majina tofauti yanaweza kuwa yametoka katika wilaya moja, na jina lililoandikwa kichwani peke yake halimwambii mnunuzi mengi kuhusu kilichomo.

Aina mbili, matumizi mawili

Uamuzi wa kwanza ni wa aina. Magitaa yasiyotumia umeme yamegawanyika katika makundi mawili makubwa: yenye nyuzi za nailoni na yenye nyuzi za chuma.

Gitaa la nailoni, ambalo asili yake ni Hispania, lina shingo pana. Sehemu ya juu ya shingo, karibu na kichwa, huwa na upana wa takriban milimita 52. Nyuzi zake ni laini kwa vidole na sauti yake ni ya upole. Linamfaa anayetaka kupiga kwa vidole, mtoto, na mtu mzima ambaye vidole vyake haviwezi kuvumilia waya.

Gitaa la chuma lina shingo nyembamba, takriban milimita 43 mahali hapo hapo. Sauti yake ni kali na husikika mbali. Ndilo linalotumika zaidi kuongozea nyimbo kanisani, shuleni na kwenye mikusanyiko. Nyuzi zake huumiza ncha za vidole katika wiki za mwanzo, hadi ngozi ikomae.

Wauzaji wengi humwambia mnunuzi kuwa nailoni ni ya kujifunzia na chuma ni ya wanaojua. Ushauri huo haujakamilika. Anayeanza hudumu na gitaa linalotoa sauti ya muziki anaoupenda. Mwanakwaya anayetaka kupiga mapambio na akapewa gitaa la nailoni ataliona halina nguvu. Anayetaka mtindo wa vidole kama wa Mwenda anaweza kuanza na lolote kati ya hayo mawili, ingawa Mwenda mwenyewe alipigia nyuzi za chuma.

Kuna kosa moja ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Nyuzi za chuma hazifungwi kwenye gitaa la nailoni. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 40 kwa jumla, wakati seti ya kawaida ya chuma huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba mzigo huo. Daraja lake, yaani kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi tumboni, hung'oka, au shingo hupinda na isirudi. Hutokea hivyo duka linapoishiwa nyuzi za nailoni na muuzaji akamwambia mteja kuwa "ni zile zile tu".

Ukubwa wa mwili wa mpigaji

Gitaa la ukubwa kamili huandikwa 4/4. Yapo pia ya 3/4 na 1/2 kwa ajili ya watoto. Kwa kawaida mtoto wa miaka mitano hadi minane hufaa nusu, wa miaka minane hadi kumi na mmoja hufaa robo tatu, na kuanzia hapo wengi wanaweza kushika gitaa kamili. Umri ni mwongozo tu, kwa kuwa kinachopimwa ni mkono. Mtoto akikaa na gitaa mapajani, mkono wake wa kushoto uweze kufika mwisho wa shingo bila bega kuvutwa.

Mzazi anayenunua gitaa kubwa kwa hoja kwamba mtoto atalikulia anafanya hesabu ya sare ya shule. Sare kubwa huvaliwa ikiwa imekunjwa. Gitaa kubwa halipigiki, na mtoto ataliacha kabla hajafika huko.

Watu wazima nao wana la kuangalia. Umbo la gitaa la chuma lililoenea zaidi madukani lina tumbo pana na nene. Mpigaji mwenye mwili mdogo hulazimika kuinua bega la kulia muda wote. Yapo maumbo yenye kiuno chembamba zaidi, na hayana upungufu wowote kwa anayeanza.

Mbao na hali ya hewa ya mnunuzi

Uso wa mbele wa gitaa ndio unaotoa sehemu kubwa ya sauti. Katika magitaa ya bei ya chini uso huo ni wa plaiwudi, yaani mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka. Katika magitaa ya bei ya juu kidogo uso ni wa ubao mmoja mzima, mara nyingi wa mti wa sprusi au mwerezi.

Njia ya kutofautisha ni rahisi. Mnunuzi aangalie ukingo wa tundu la sauti. Kama mistari ya mbao iliyo juu inaendelea kushuka kwenye ukingo, ubao huo ni mzima. Kama ukingo unaonyesha matabaka, ni plaiwudi. Kama ukingo umepakwa rangi nzito mpaka hauonekani, mnunuzi achukulie kuwa ni plaiwudi.

Ubao mzima una sauti bora na huzidi kuwa mzuri unavyopigwa. Hata hivyo, unahitaji matunzo, na hapa jiografia ya Afrika Mashariki inaingia katika hesabu. Watengenezaji wengi wanapendekeza unyevu wa hewa wa takriban asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa huwa juu ya kiwango hicho sehemu kubwa ya mwaka. Dodoma na maeneo mengine ya bara yaliyo makavu hushuka chini yake wakati wa kiangazi.

Mbao ikinyonya unyevu hutanuka. Tumbo la gitaa huinuka, nyuzi hupanda juu na gitaa huwa gumu kubonyeza. Ikikauka husinyaa, ncha za freti hutokeza pembeni mwa shingo na kukwaruza mkono, na uso unaweza kupasuka. Gitaa lililonunuliwa Mombasa na kupelekwa Dodoma kwa basi hupitia hali zote mbili ndani ya siku mbili.

Kwa sababu hiyo, anayeanza ambaye anaishi pwani na hana mahali pa kulitunza gitaa asione aibu kununua la plaiwudi. Linastahimili zaidi. Ubao mzima ununuliwe na mtu aliye tayari kuliweka ndani ya mfuko wake kila anapomaliza kupiga, mbali na dirisha na mbali na ukuta wenye unyevu. Kwa yeyote, gitaa lisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto la humo hulainisha gundi, na daraja huanza kuachia.

Vipimo vya kufanya dukani

Vipimo vifuatavyo havihitaji ujuzi wa kupiga. Vinahitaji dakika kumi, simu yenye programu ya kulinganisha sauti za nyuzi, na kadi za benki.

Cha kwanza ni urefu wa nyuzi juu ya shingo. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachoamua kama vidole vitaumia kupita kiasi. Mnunuzi ahesabu freti, vile vyuma vilivyolala shingoni, kuanzia kichwani hadi ya 12. Hapo atazame nafasi iliyo kati ya freti na uzi mnene. Kadi moja ya benki ina unene wa takriban milimita 0.76. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, kadi tatu zikipita kwa kugusa kidogo, nafasi hiyo ni nzuri. Kadi sita zikipita, gitaa hilo litamtesa anayeanza. Kwa gitaa la nailoni, nafasi ya kadi tano hivi ni ya kawaida.

Cha pili ni unyofu wa shingo. Mnunuzi alishike gitaa kama anayelenga shabaha, jicho likiwa kwenye daraja na kutazama kuelekea kichwani. Shingo iwe imenyooka au imebonyea kidogo sana katikati. Shingo iliyojipinda kama parafujo isinunuliwe kwa bei yoyote. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana ufito wa chuma ndani ya shingo ambao fundi anaweza kuukaza au kuulegeza. Muuzaji aulizwe kama ufito huo upo na kama ufunguo wake upo.

Cha tatu ni usahihi wa sauti. Nyuzi zikishalinganishwa kwa simu, kila uzi upigwe wazi, kisha upigwe ukiwa umebonyezwa kwenye freti ya 12. Simu inapaswa kuonyesha noti ile ile, moja chini na moja juu. Kama ya juu inakwenda pembeni kwa kiasi kikubwa, gitaa halitalingana hata likazwe namna gani, na anayejifunza atadhani masikio yake ndiyo mabovu.

Cha nne ni freti zenyewe. Kila uzi ubonyezwe kwenye kila freti na upigwe. Uzi unaotoa mlio wa nyuki mahali pamoja unaonyesha freti iliyoinuka. Kisha kiganja kipitishwe pembeni mwa shingo kuona kama kuna vyuma vinavyokwaruza.

Cha tano ni funguo za kukazia nyuzi. Zizunguke kwa ulaini bila kuruka. Uzi uliolinganishwa uvutwe kidogo kwa kidole mara kadhaa, kisha simu itazamwe tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo, lakini ufunguo usiegeuka wenyewe.

Mwisho ni daraja. Kipande cha karatasi kisiweze kuingia kati ya daraja na tumbo. Kikiingia, gundi imeanza kuachia.

Gitaa linaloshindwa kipimo cha kwanza peke yake linaweza kuokolewa na fundi, kwa kupunguza mfupa wa daraja au kurekebisha shingo. Hapo mnunuzi adai bei ishuke kwa kiasi cha ufundi huo, au duka lifanye marekebisho kabla ya malipo. Kushindwa kipimo cha pili au cha sita ni sababu ya kuondoka.

Majina yanayojulikana na yasiyojulikana

Kwa anayeanza, faida ya chapa inayojulikana ni uhakika kuliko sifa. Gitaa la aina moja kutoka kiwanda kinachosimamiwa vizuri hufanana na jingine la aina hiyo, kwa hiyo mtu wa Mwanza anaweza kusoma au kuuliza kuhusu gitaa ambalo hajaligusa.

Yamaha ya Japani ina aina tatu zinazotajwa sana na walimu. C40 ni ya nailoni yenye ukubwa kamili. F310 ni ya chuma yenye uso wa plaiwudi ya sprusi. FG800 ni ya chuma yenye uso wa ubao mzima wa sprusi, na ni ghali zaidi. Cort ya Korea Kusini na Fender ya Marekani nazo zina magitaa ya ngazi hiyo. Kapok ya China ni moja ya majina ambayo yamekuwa madukani katika ukanda huu kwa muda mrefu, kwa bei ya chini zaidi.

Umaarufu huo una upande wake mbaya, kwani chapa zinazouzika huigwa. Mnunuzi atazame karatasi iliyobandikwa ndani, inayoonekana kupitia tundu la sauti, na kuhakikisha kuwa jina la aina na nchi ya utengenezaji vimeandikwa. Bei iliyo chini kupita kiasi kwa jina kubwa ni onyo tosha.

Gitaa lisilo na jina si lazima liwe baya. Lakini kwa kuwa halina rekodi, linapaswa kununuliwa baada ya kushikwa na kupimwa. Lisiagizwe kwa picha ya simu.

Hesabu ya kuvuka mpaka

Wanunuzi wengi huamini kwamba kwa kuwa nchi zote ni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, gitaa lililonunuliwa Nairobi huingia Tanzania au Uganda bila kutozwa chochote. Imani hiyo ndiyo inayozaa malumbano Namanga, Busia na Mutukula.

Msamaha wa ushuru ndani ya jumuiya unahusu bidhaa zenye uasili wa jumuiya, yaani zilizozalishwa au kuongezewa thamani ya kutosha ndani ya nchi wanachama. Cheti rahisi cha uasili, kilichowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wenye mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, nacho ni kwa bidhaa hizo. Mahindi, maharage na vikapu vinapita kwa njia hiyo. Gitaa lililotengenezwa China halibadiliki kuwa la Kenya kwa sababu limekaa kwenye duka la Nairobi. Likivuka mpaka kama bidhaa ya kuuza, afisa wa forodha anaweza kulitoza kama bidhaa ya nje.

Kutozwa huko hufuata ngazi. Ushuru wa forodha hukokotolewa kwa thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa jumuiya ulianza mwaka 2005 ukiwa na viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na mwaka 2022 kikaongezwa cha 35. VAT nayo hukokotolewa juu ya thamani ikiwa imejumlishwa na ushuru. Kwa mfano wa hesabu tu, mzigo wenye thamani ya Sh100,000 ukitozwa ushuru wa asilimia 10 unakuwa Sh110,000. VAT ya asilimia 18 juu yake ni Sh19,800, na jumla inafika Sh129,800 kabla ya tozo nyingine na gharama za wakala.

Tofauti ya VAT kati ya nchi na nchi nayo haitoshi kumsafirisha mtu. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16 nchini Kenya, na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda, Rwanda na Burundi, wakati Zanzibar ni asilimia 15. Gitaa ambalo bei yake kabla ya kodi ni 100 litakuwa 116 upande mmoja na 118 upande wa pili. Tofauti ya 2 kwa kila 100 haifikii hata nauli ya basi.

Anayebeba gitaa moja la kupiga mwenyewe yuko katika hali tofauti na anayebeba matano. Sheria ya forodha ya jumuiya inatambua mizigo binafsi ya msafiri. Risiti yenye jina la duka, bei na tarehe ndiyo silaha yake. Risiti hiyo pia inamsaidia anayesafiri na gitaa alilonalo siku nyingi, ili asidaiwe kodi wakati wa kurudi nalo nyumbani. Wanamuziki wanaovuka mpaka kwenda kwenye matamasha hubeba nakala zake kwa sababu hiyo.

Kuagiza kwa ndege

Njia nyingine ni kuagiza kupitia mtandao. Hapa wengi hunaswa na jambo moja dogo: gitaa ni jepesi lakini ni kubwa.

Gitaa lisilotumia umeme lina uzito wa takriban kilo mbili, na likiwa ndani ya boksi lake hufika nne hivi. Wasafirishaji kwa ndege hawaangalii mzani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000 au 6,000, na hutoza kwa uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mzani. Boksi la sentimita 110 kwa 50 kwa 16 lina sentimita za ujazo 88,000. Likigawanywa kwa 5,000 linapata kilo 17.6, na kwa 6,000 linapata kilo 14.7. Mteja aliyedhani analipia kilo nne analipia mara tatu au nne zaidi.

Mzigo wa pamoja kwa meli ni nafuu, ila huchukua wiki nyingi, na gitaa hukaa ndani ya kontena lenye joto na unyevu. Kwa anayeanza anayetaka gitaa moja, duka lililokwisha kulipia usafiri huo kwa jumla ndilo lenye hesabu nzuri, hata kama bei yake kwenye karatasi inaonekana kubwa.

Mtumba si aibu

Gitaa lililotumika ni chaguo zuri kuliko jipya bovu. Watu wengi hununua gitaa, hulipiga mwezi mmoja, kisha huliweka juu ya kabati. Magitaa hayo huuzwa kwa bei ya kutupa, na mara nyingi yako katika hali nzuri.

Vipimo ni vile vile sita, vikiongezwa viwili. Tumbo litazamwe kwa pembeni kuona kama limevimba nyuma ya daraja, na freti za karibu na kichwa zitazamwe kama zimechimbika kwa kupigwa. Nyuzi zenye kutu zisimtishe mnunuzi, kwani hubadilishwa. Gitaa lenye ufa uliozibwa kwa gundi liepukwe, isipokuwa fundi anayeaminika amelikagua. Muuzaji aombwe risiti ya awali au aandike hati fupi ya mauziano, kwa sababu gitaa la wizi nalo huvuka mipaka.

Gharama baada ya kununua

Bajeti isiishie kwenye gitaa. Anayeanza anahitaji mfuko, seti ya ziada ya nyuzi, na kiasi cha kumlipa fundi kulirekebisha. Mwenye simu hahitaji kununua kifaa cha kulinganishia nyuzi, kwani zipo programu za bure.

Mgawanyo unaofaa ni huu: katika kila Sh10 za bajeti, Sh8 ziende kwenye gitaa na Sh2 zibaki kwa ajili ya nyuzi, mfuko na fundi. Gitaa la bei ya kati lililorekebishwa hupigika vizuri kuliko la bei ya juu lililotoka kwenye boksi moja kwa moja.

Pwani, chumvi na jasho hula nyuzi za chuma haraka. Kuzipangusa kwa kitambaa kikavu baada ya kupiga huongeza maisha yake. Kwa gitaa la chuma, anayeanza aombe seti nyembamba, ambayo uzi wake wa kwanza ni wa namba 10 au 11. Seti ya namba 12, ambayo hupatikana kwenye magitaa mengi mapya, ni ngumu zaidi kwa vidole vichanga. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe kuwa nyuzi za aina anayoichukua zinapatikana katika mji anaoishi. Gitaa linalosubiri nyuzi kutoka nchi jirani kwa wiki tatu ni sawa na kutokuwa nalo.

Mpingo na magitaa ya hapa

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini ukanda wenye mbao nzuri unaagiza magitaa kutoka Asia. Mpingo wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji unatafutwa duniani kwa kutengenezea klarineti na zumari za Ulaya, na mafundi wachache wa magitaa ya gharama kubwa huutumia kwa mgongo na mbavu. Mbao inaondoka ikiwa gogo au vipande, na inarudi mara chache sana ikiwa ala ya muziki.

Biashara hiyo ina masharti. Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini uliweka miti yote ya jamii ya mpingo katika orodha ya kudhibitiwa kuanzia Januari 2017. Kwa karibu miaka mitatu hata magitaa yaliyokamilika yenye mbao za jamii hiyo yalihitaji vibali kuvuka mipaka kibiashara, na baadhi ya viwanda vilihamia mbao nyingine kwa ajili ya shingo na madaraja. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika sharti hilo, lakini mbao ghafi bado zinadhibitiwa.

Utengenezaji wa hapa upo. Jijini Kinshasa, fundi Misoko Nzalayala, anayejulikana kama Socklo, alijipatia jina kwa magitaa aliyoyaunda kwa vifaa vilivyopatikana mjini humo. Kwa anayeanza, gitaa la fundi wa karibu lina faida moja ambayo dukani haipo: aliyelitengeneza anaweza kulirekebisha. Vipimo vya kadi, simu na jicho ni vile vile, na fundi mzuri hatakataa vifanyike mbele yake.

Kwa muhtasari

Anayeanza aamue kwanza ni muziki gani anaoutaka, achague aina na ukubwa unaomfaa, kisha aingie dukani akiwa na kadi zake na simu. Alinganishe bei za pande mbili za mpaka baada ya kuongeza nauli, kodi na hatari ya kukosa pa kulirudisha gitaa likiwa na kasoro. Mara nyingi atagundua kuwa duka la mji wake, lenye mtu anayeweza kurudiwa kesho yake, limemshinda yule wa ng'ambo.

Waswahili husema rahisi ni ghali. Gitaa la bei ya chini lenye nyuzi zilizoinuka nusu sentimita juu ya shingo ni ghali kuliko yote, kwa sababu aliyelinunua ataliacha, naye ataamini kwamba hakuzaliwa na kipaji.